Mkimbizi, mhamiaji au mwathirika: tumwiteje aliyetolewa kwake na vita na ukame?

SWALI: Ninajitolea katika shirika linalogawa chakula na maji kwa watu waliokimbia mapigano na ukame. Wengi wao bado wamo ndani ya nchi yao. Nilipewa kazi ya kuandika tangazo la siku ya mgao, nikaandika: "Wahamiaji wote wafike na kadi zao." Mwenzangu mmoja akafuta, akaandika "wakimbizi". Mwingine akapinga, akasema mtu haitwi mkimbizi mpaka avuke mpaka wa nchi, akapendekeza "waathirika". Hapo ukazuka ubishi mwingine: ni "waathirika" au "waathiriwa"? Tafadhali tusaidie.

JIBU: Neno la kwanza kuondoka ni "wahamiaji", na liondoke kabla tangazo halijabandikwa. Hayo mengine yana mjadala, hili halina.

Mhamiaji ni mtu aliyehamia mahali. Kitenzi kuhamia hutazama kule mtu anakofikia, hakisemi lolote kuhusu kilichomtoa alikokuwa. Tena kiishio -aji mara nyingi hubeba maana ya kazi, mazoea au jambo ambalo mtu amelishika mwenyewe: mfugaji, mwindaji, msomaji. Aliyechomewa nyumba usiku au aliyezika ng'ombe wake wa mwisho hakushika jambo lolote. Kumwita mhamiaji ni kumpa hiari ambayo hakuwa nayo.

Kuna na jambo zito kuliko sarufi. Katika Kenya na Tanzania, neno hilo limefungamana na Idara ya Uhamiaji, yaani pasipoti, vibali vya kuishi na watu walioingia bila kibali. Mama aliyefika kambini bila karatasi yoyote akisikia "wahamiaji wote wafike na kadi zao", ana kila sababu ya kubaki hemani na watoto wake, akidhani ni msako. Chakula kitakuwapo na mwenye njaa hatatokea. Katika kazi yenu, neno moja linaweza kumkosesha mtu mlo, ndiyo maana nimefurahi kwamba mmesimama kubishana.

Sasa tuje kwa "mkimbizi". Limetokana na kukimbia kwa njia ile ile iliyotupa mwokozi kutoka kuokoa na mlezi kutoka kulea: mbele ya -i ya mtendaji, sauti iliyodondoka zamani katika mzizi hujitokeza ikiwa z. Linganisha na mkimbiaji. Huyo ni mwanariadha. Kitenzi ni kimoja, lakini lugha imemtenga anayekimbia kwa mazoezi na anayekimbia kuokoa roho yake, na Mswahili yeyote husikia tofauti hiyo bila kufundishwa. Ndani ya neno lenyewe hamna mpaka wa nchi. Aliyekimbia kijiji chake akajisitiri wilaya ya pili, katika mazungumzo ya kawaida, ni mkimbizi.

Mpaka umeletwa na sheria, na mwenzako aliyepinga hakukosea kuukumbuka. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana hiyo ukawaingiza wanaokimbia uvamizi kutoka nje na matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Vita vikaingia hapo waziwazi. Lakini sharti la kuwa nje ya nchi halikuondolewa.

Pengo lililobaki lilikuwa kubwa. Liliwahusu watu waliopoteza kila kitu wakabaki chini ya bendera yao wenyewe. Nchini Kenya, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mamia ya maelfu ya watu walitolewa makwao, na tangu siku zile "wakimbizi wa ndani" likawa neno la redioni, sokoni na bungeni. Umoja wa Afrika nao ukapitisha Mkataba wa Kampala mwaka 2009, ukaanza kutumika 2012. Mkataba huo unawahusu waliolazimika kuyaacha makazi yao kwa sababu ya vita, machafuko, ukiukaji wa haki za binadamu au maafa, yawe ya asili au yaliyosababishwa na watu, ilimradi hawajavuka mpaka wa kimataifa. Ukame umo humo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Aliyevuka mpaka ni mkimbizi. Asiyevuka ni mkimbizi wa ndani. Baadhi husema "mkimbizi wa ndani kwa ndani". Si kosa, ila halina nyongeza yoyote, na tangazo zuri halibebi maneno ya ziada.

Nisiishie hapo, maana mpangilio huu ukishikwa kwa ukavu huficha mambo. Chukua Somalia mwaka 2011, njaa ilipotangazwa rasmi mwezi Julai. Ukame ulikuwa umekausha visima na malisho, na wakati huo huo mapigano yalikuwa yamefunga njia na kuzuia misaada isiwafikie watu. Familia moja ingeweza kugawanyika: kaka akaenda Mogadishu, dada akavuka akafika Dadaab, Kenya. Njaa yao ni moja na vita vyao ni vimoja. Kisheria, dada ni mkimbizi na kaka ni mkimbizi wa ndani, na kila mmoja ataandikishwa na kuhudumiwa kwa utaratibu wake. Ukimuuliza yeyote kati yao alikimbia nini, vita au ukame, huenda asiweze kuvitenganisha. Ndiyo maana siwashauri mwandike "wakimbizi wa vita" upande mmoja na "wakimbizi wa ukame" upande mwingine, kana kwamba ni mafungu mawili yanayojulikana. Vilivyowatoa vilikuja pamoja, viandikwe pamoja.

Hapo kwenye ukame kuna neno lingine la kulitazama: mhamaji. Wafugaji wa kuhamahama ni wahamaji hata katika mwaka wa neema. Huondoka na mifugo yao, hufuata mvua na malisho, hujua njia ya kwenda na ya kurudi. Huo ni maarifa na ni maisha, si maafa. Mfugaji huyo huyo akishapoteza mifugo akaishia kwenye hema pembezoni mwa mji, hahamihami tena. Amekwama. Nimesoma taarifa nyingi zinazoendelea kumwita mhamaji hata akiwa kambini, na naona zinamkosea, kwa sababu msomaji hupata picha kwamba yuko katika safari yake ya kila mwaka na kwamba mvua ikinyesha ataondoka. Ataondoka na nini?

Basi tangazo liandikweje? Mimi ningeacha nomino zote hizi nikaegemea kitenzi. Ripoti ya wafadhili na barua ya serikalini zitake "wakimbizi wa ndani", ni sawa, huko istilahi ina kazi yake. Lakini anayesikiliza kipaza sauti anataka kujua jambo moja tu, kama yeye anahusika. Nomino humlazimisha aamue kwanza yeye ni nani; kitenzi humweleza kilichompata. Ningeandika hivi:

"Kaya zote zilizolazimika kuyaacha makazi yao kwa sababu ya mapigano au ukame zitapewa chakula na maji. Kaya za wenyeji zilizoandikishwa nazo zitapewa. Mwenye kadi aje nayo. Asiye na kadi aje pia, ataandikishwa hapo hapo."

Sentensi ya mwisho iandikwe tu ikiwa ndio utaratibu wenu wa kweli. Wenyeji nimewataja kwa makusudi: ukame hauwachagui waliokuja ukawaacha waliowapokea, na tangazo linalowasahau huwasha chuki kwenye foleni. Ona pia kwamba nimesema "zilizolazimika". Ukisema tu "zilizohama", shuruti imepotea. "Waliofurushwa" ni neno lenye nguvu na linafaa palipo na mfurushaji, watu wenye silaha kwa mfano, lakini halikai vizuri na ukame.

Mwangalie pia viambishi vya kitenzi. Mtu hukimbia vita, hukimbilia kambini. Nimewahi kuona "waliokimbilia mapigano" kwenye taarifa ya misaada. Kwa maandishi hayo, watu hao walikwenda mbio kwenye risasi.

Na ubishi wenu wa mwisho. Kuathirika ni kupatwa na athari; kuathiriwa ni kutendwa, kuna kitu au mtu aliyeleta athari hiyo. Yote mawili yameundwa kwa kufuata sarufi. Kwa desturi, Tanzania husikika zaidi "waathirika", Kenya "waathiriwa", na sioni sababu ya upande mmoja kuusahihisha mwingine. Mimi hupenda "waathiriwa" panapokuwa na mtendaji, kama shambulio, na "waathirika" kwa ukame, lakini huo ni upendeleo wangu, si kanuni. Kwa tangazo lenu nayaacha yote mawili kwa sababu nyingine kabisa: ni mapana mno. Mwenye duka aliyepoteza wateja kwa sababu ya ukame naye ameathirika. Isitoshe, kwa wasikilizaji wengi "mwathirika" bado huleta fikra ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mtu aliyekwisha kupoteza nyumba asilazimishwe kujiuliza majirani watamfikiriaje akijitokeza kwa jina hilo.