Upepo unatuharibia muvi

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi, sisi vijana wa hapa Dodoma tunashuti muvi ya kujichangisha wenyewe, kamera ya kuazima, lokesheni kwenye mawe huko mlimani. Picha ziko poa ila sauti ni upepo mtupu, halafu steringi wetu kapata kibarua kasepa, sini zake zimebaki kibao. Tufanyaje?

JIBU: Poleni wadogo zangu, ila kiangazi cha Dodoma mnakijua, upepo haupoi, na maiki ya kwenye kamera inazoa kila kitu. Sogezeni maiki karibu na mdomo, hata simu ya pili ikikaa mfuko wa shati inarekodi vizuri kuliko hiyo kamera, mtu apige kofi moja mbele ya lenzi kila mkianza ili mhariri wa video aoanishe sauti na picha. Sini za maongezi marefu hamishieni ndani. Zilizoharibika msifute, wasanii waje chumbani kwenye magodoro na mapazia waingize sauti upya, inachosha kinoma ila inakubali.

Steringi msimlaumu, hamkumlipa, mwacheni ale. Mbembelezeni Jumapili moja mpige za uso wake zote, za mbali na za mgongoni mvalisheni mwingine shati lilelile (nani atajua?). Akigoma kabisa, badilisheni skripti, mhusika asafiri.

Halafu kibali cha Bodi ya Filamu hamjakitaja, mnacho lakini?