Draiva za video kwenye Linux: memori iachiliwe na nani, na lini?

Shikamoo mwalimu. Chuoni tumeambiwa goto, amri ya C ya kurukia sehemu nyingine ya msimbo, ni sumu, lakini kila nikifungua draiva ya video ya Linux nazikuta zimejaa chini ya fanksheni ya probe, ile inayoitwa kifaa kinapopatikana. Hawa wakubwa hawakufundishwa?

Marahaba. Walifundishwa, ila huko goto ina kazi yake. Probe huomba vitu kwa zamu: memori ya kutunzia hali ya kifaa, rejista, saa ya chipu, interapti (ishara ya kifaa kuiita CPU). Ombi la nne likikataliwa, yale matatu ya mwanzo lazima yarudishwe kinyumenyume, na C haikufanyii kazi hiyo. Ndiyo maana unakuta lebo zimepangana: err_clk, err_unmap, err_free. Balaa huja siku mtu anapoongeza ombi jipya katikati na kusahau lebo yake. Memori inavuja na hakuna anayejua, maana njia ile ya kushindwa haipitwi mara kwa mara.

Tangu 2007 kerneli, yaani kiini cha Linux, ina familia ya devm, maombi yanayofungwa na uhai wa kifaa. Ukiandika

`priv = devm_kzalloc(dev, sizeof(*priv), GFP_KERNEL);`

ombi lako linaingizwa kwenye orodha ya kifaa. Probe ikishindwa, au draiva ikiondolewa, kerneli inaipitia orodha kuanzia mwisho na kuachilia kila kitu. Wewe unabaki na `return ret;` basi. Na hiyo `sizeof(*priv)` si urembo: ukibadilisha aina ya pointa, ukubwa unafuata wenyewe.

Kumbe! Basi nibadilishe kila kzalloc, ombi la kawaida la memori, iwe devm_kzalloc, nitume kiraka (badiliko la msimbo)?

Taratibu, hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua skrini inayounganishwa kwa USB. Programu inayochora madirisha imefungua `/dev/dri/card1`, mara mtu anachomoa waya. Kifaa kimeondoka, devm inaachilia kila kilichomo kwenye orodha yake. Lakini programu bado imelishika lile faili! Ikituma ioctl nyingine, yaani amri kwa draiva kupitia faili hilo, au hata ikilifunga tu, draiva inagusa muundo ambao memori yake huenda imeshapewa mwingine. Kompyuta ikianguka papo hapo una bahati. Isipoanguka, utatafuta mchawi wiki nzima.

Hapa kuna uhai wa aina mbili: wa kifaa chenyewe unachokishika mkononi, na wa kifaa cha DRM (sehemu ya kerneli inayosimamia chipu za video) kinachoonekana na programu. Huu wa pili huisha pale tu mshikaji wa mwisho anapoachia. Mwaka 2020 Daniel Vetter, mmoja wa waandishi wa DRM, aliongeza familia ya drmm kwa ajili hiyo: `drmm_kzalloc` hufungamanisha memori na uhai wa pili. Mwaka huohuo ikaja `devm_drm_dev_alloc`, inayokupa muundo wako ukiwa na drm_device ndani yake kwa ombi moja. Rejista na interapti ziache kwa devm, maana zinaondoka na kifaa. Chochote ambacho ioctl inaweza kukifikia kiende drmm. Na kabla ya kugusa rejista, `drm_dev_enter` ikuambie kama kifaa bado kipo.

Kiraka kinachopunguza mistari ishirini na kuleta hitilafu ya namna hii, kwangu mimi ni hasara tupu.

Nimeona kiraka kinachofuta ujumbe wa kusema memori imekwisha. Si ni hatari?

Hapana. kmalloc ikishindwa hupiga kelele yenyewe kwenye logi, isipokuwa kama umeizuia kwa `__GFP_NOWARN`. Rudisha `-ENOMEM`, namba ya hitilafu ya kukosa memori, inatosha.

Kuomba memori kwa kmalloc(n * 4) na kmalloc_array(n, 4) kuna tofauti gani?

Tuseme n imetoka kwa mtumiaji, naye ameandika 1073741825. Kwenye mashine ya biti 32, ukizidisha kwa 4 namba inafurika na kubaki 4. kmalloc inakupa baiti nne kwa furaha zote, kisha draiva inaanza kuandika vitu zaidi ya bilioni moja humo. kmalloc_array hukagua kuzidisha huko na kurudisha NULL. Kama memori itaonekana na mtumiaji, tumia kcalloc: inakagua vilevile na kuifuta iwe sifuri, asije akasoma mabaki ya mwingine.

Kwa nini picha za skrini haziombwi kwa kmalloc?

Picha ya 1920 kwa 1080, baiti 4 kila nukta, ni baiti 8,294,400, yaani kurasa 2,025 za baiti 4,096. kmalloc hutaka kurasa zilizofuatana kwenye RAM halisi, na mashine iliyowaka muda mrefu memori yake imeshakatikakatika. Chipu yenye IOMMU, kitengo kinachoitafsiria anwani za memori, huridhika na kurasa zilizotawanyika. Isiyo nayo, kama kwenye bodi nyingi ndogo za ARM, huhitaji `dma_alloc_coherent`, ambayo inaweza kuchota kwenye CMA, eneo linalotengwa tangu kuwaka. CMA iliingia kerneli 3.5 mwaka 2012. DRM ina fanksheni saidizi tayari kwa hali zote mbili. Usiandike za kwako.

Nitajuaje kama nimepatia?

Jenga kerneli yenye KASAN, inayonasa mguso wa memori isiyoruhusiwa, na kmemleak, inayotafuta memori iliyovuja. Acha programu imeshika kifaa, kisha andika jina la kifaa kwenye faili la `unbind` la draiva yako ndani ya `/sys`, ili draiva iachane na kifaa. Funga programu. KASAN ikinyamaza, andika `scan` kwenye `/sys/kernel/debug/kmemleak`, halafu lisome faili hilohilo. Rudia ukiilazimisha probe ishindwe katikati.