Uagize nini kwenye mgahawa wa Kiteochew

Ndugu, kwa kuwa mko wanne na ni mara yenu ya kwanza kula kwa Wateochew, jamii ya Wachina wa kusini mwa China, huko mjini kwao Shantou, anzeni na bata bukini aliyepikwa taratibu kwenye mchuzi wa soya na viungo. Kila kipande kichovyeni kwenye siki yenye kitunguu saumu. Bila siki hiyo utamu wake haukamiliki. Kisha agizeni samaki mzima wa mvuke. Wapishi wa huko hawapendi kuifunika ladha ya samaki, kwa hiyo msiombe pilipili kabla ya kuonja. Chai ya vikombe vidogo ni kali, inyweni kidogo kidogo. Na kama hamli nguruwe, ulizeni mapema: hata kitindamlo cha magimbi yaliyopondwa, kwa desturi, hupikwa kwa mafuta ya nguruwe.