Baba anataka niongoze duka: je, wasia unatosha?

Swali: Wakili, shikamoo. Baba yetu hapa Lamu ana duka la vifaa vya ujenzi na boti mbili za kuleta saruji na mabati kutoka Mokowe. Kila kitu kimeandikwa kwa jina lake. Mimi ndiye ninayekaa dukani na kushika hesabu tangu nimalize shule, bila mshahara. Nina kaka wawili, mmoja yuko Mombasa na mwingine Muscat. Baba anataka kuandika wasia kwamba akifa, biashara niiendeshe mimi. Kaka zangu wanasema hawana neno. Je, wasia huo utasimama? Na nianze kuzungumza na nani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Baba yako ameona mbali, ila karatasi aliyoichagua siyo.

Kwenu mirathi itakwenda kwa sheria ya Kiislamu, na ndugu wakivutana itafika kwa kadhi. Wasia una mipaka miwili: hauvuki theluthi ya mali, na hapewi mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Ridhaa hiyo huhesabiwa baada ya mwenye mali kufariki. Kwa hiyo kaka zako wakisema leo hawana neno, ni jambo jema, lakini kesho yake mmoja akigeuka huna cha kumshikia. Baba anaweza kukuteua wasii, yaani msimamizi wa mirathi, ukusanye madeni, ulipe anayodaiwa na ugawe mali. Kazi hiyo ni halali na ni kubwa, ila inakwisha siku mali inapogawanywa. Haikufanyi kiongozi wa duka.

Tatizo la pili ni hilo la kila kitu kuwa kwa jina lake. Jina la biashara lililosajiliwa si mtu mbele ya sheria. Biashara ni yeye, naye akifa akaunti ya benki inafungwa, na leseni za boti, kibali cha kaunti, hata namba ya Lipa na M-Pesa vinabaki kwa jina la marehemu. Nimeona maduka yenye bidhaa tele yakilala miezi mingi kwa sababu hakuna mwenye saini.

Ninalolipendekeza ni kampuni binafsi chini ya Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015. Inasajiliwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na mtu mmoja tu anaweza kuianzisha. Faida yake ni kwamba umiliki unakaa mahali pake, uongozi mahali pake. Hisa zitarithiwa kama mali nyingine yoyote. Mkurugenzi harithiwi, huteuliwa.

Lakini usifurahi mapema, tupige hesabu kwanza. Tuseme baba anashika hisa zote na anawaacha mama na nyinyi watatu, wazazi wake wakiwa wameshatangulia. Mama anapata thumuni, yaani asilimia 12.5. Kinachobaki mnagawana, mwanamume mara mbili ya mwanamke: kila kaka asilimia 35, wewe 17.5. Mkurugenzi huondolewa kwa azimio la kawaida, zaidi ya nusu ya kura. Kaka zako wakikaa pamoja wana 70. Wanakuondoa asubuhi moja, hata kama baba alikukabidhi ofisi kwa mikono yake. Kubadilisha kanuni za kampuni ndiko kunakohitaji asilimia 75, na huko hawafiki bila mama au wewe.

Sasa tazama hesabu ikigeuka. Baba akikuhamishia asilimia 30 ya hisa akiwa hai na mzima, zinazobaki 70 ndizo zinazorithiwa. Kaka zako pamoja watakuwa na 49, mama 8.75, wewe 42.25. Hawakuondoi bila mama, wala wewe hutawali bila mama. Mimi napenda hesabu ya namna hii, maana inawalazimisha watu kusemezana.

Hizo 30 utazipataje kwa haki? Hiba, yaani zawadi anayotoa mtu akiwa hai, inaruhusiwa, nayo inakamilika ukishakabidhiwa. Kwa hisa maana yake jina lako liingie kwenye daftari la wanahisa. Ila kumpendelea mtoto mmoja kwa hiba ni jambo la kuchukiza kwetu tunaofuata madhehebu ya Shafi, na kaka zako hawatalisahau. Tena hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, mkarudi mlipoanzia. Njia safi zaidi ni mshahara wako. Umefanya kazi miaka yote hiyo bila kulipwa. Baba anaweza kukubali kwa maandishi kwamba unamdai, mkadirie kile ambacho mtu wa nje angelipwa, na deni lilipwe kwa hisa. Hapo ni malipo, si upendeleo. Makadirio yafanywe na mhasibu asiye wa ukoo, na yakitoka asilimia 18, basi ni 18. Usiyavute yafike 30. Kadhi atauliza yalitoka wapi. Na tangu mwezi huu uanze kupokea mshahara, hata kama ni mdogo. Familia nyingi huchanganya ujira, faida na urithi katika droo moja, ndipo kila mtu anapoona amedhulumiwa.

Kanuni za kampuni ziseme pia kwamba mwenye kuuza hisa awauzie ndugu kwanza, na bei itapatikana vipi. Jengo la duka msiliingize kwenye kampuni. Baba aipangishie kampuni jengo hilo kwa mkataba wa miaka mingi uliosajiliwa, ili warithi wa jengo wasiweze kulitoa duka nje.

Kuna kazi moja ambayo wakili hawezi kuwafanyia. Mafundi wa Lamu huchukua saruji leo, wakalipa nyumba ikiezekwa, na nina hakika nusu ya madeni hayo yako kichwani mwa baba. Kaa naye jioni, yaandike yote, ya kudai na ya kudaiwa. Kisha akupe saini ya pili benki, na safari za boti uzipange wewe, naye akae barazani ajibu tu anapoulizwa. Wazee hulikubali hili kwa mdomo, halafu hundi hubaki mfukoni.

Uanze na nani? Mama, kwa sababu kura zake ndizo zitakazoamua. Halafu kaka wa Muscat, kabla ya yule wa Mombasa kumfikishia habari kwa namna yake. Mtumie rasimu ya kanuni na hesabu ya mshahara wako aisome, na fomu zisiingie eCitizen mpaka amejibu.