Mfumuko umeshuka, bei je?
Ndugu yangu, unasema watu hapa Kenya wanalalamika bure kwa kuwa mfumuko wa bei umeshuka. Takwimu sizikatai: Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa 2.7. Dola nayo iligonga karibu shilingi 160 Januari 2024, kisha ikarudi 129 hivi. Na wanaotufananisha na Zimbabwe ya 2008, ambako bei zilipaa hadi pesa ikakosa thamani, wanatia chumvi, hapo tuko pamoja.

Lakini mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda polepole, si kwamba zimerudi zilikokuwa. Hapo ndipo unapopotea. Mwenye mshahara naye anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa mradi wa serikali wa nyumba na 2.75 kwa bima ya afya kabla hajanunua hata kiberiti.

Mimi nauza omena, yaani dagaa, hapa soko la Kibuye, Kisumu. Mama aliyekuwa akibeba gorogoro nzima, ule mkebe wa kupimia, siku hizi anaonyesha kikombe kwa kidole, halafu anasubiri nimwongezee kidogo. Namwongezea, nifanyeje? Daftari la madeni lilikuwa linanitosha mwaka mzima. La safari hii lilijaa kabla shule hazijafungwa Agosti, na kurasa nyingi bado hazijapigwa mstari.