Bluzi kwenye baa ndogo za Dar: jibu langu kwa yule kijana wa bendi ya watu wanne

Mdogo wangu, swali lako nimelielewa. Mpo wanne, gitaa mbili, besi na drams, mnapiga bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, na roki. Baa moja ya Sinza na nyingine ya Kijitonyama ziliwapa usiku mmoja mmoja, halafu simu zikakatika. Unauliza kama Wabongo hawaipendi bluzi, na kama mkinunua vyombo vyenu wenyewe mambo yatanyooka. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu njia hiyo nimeipita. Nilianza kushika gitaa la rizimu kwenye bendi ya dansi mwishoni mwa miaka ya sabini, na siku hizi napiga solo kwenye vibaa ambavyo vikiingia watu hamsini vimefurika.

Ninavyokusoma, sioni kama tatizo lenu ni bluzi. Mnapiga kwa sauti ya uwanja wa mpira ndani ya chumba ambacho mtu anakula kuku nusu na mkewe.

Na hilo wala halikuanzia kwetu. Muddy Waters, mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi, alitoka Mississippi akahamia Chicago mwaka 1943. Kwenye vilabu vya kule akakuta watu wanakunywa, wanabishana, wanacheka, gitaa kavu halisikiki kabisa, ndipo akahamia la umeme. Alitaka asikike katikati ya maongezi ya watu, na maongezi yaliendelea. Alipokwenda Uingereza mwaka 1958 na gitaa la umeme, baadhi ya wasikilizaji wa kule, waliozoea bluzi ya gitaa kavu, walilalamika kwamba anawapigia makelele. Kwa hiyo lawama mnayobebeshwa ina umri sawa na wangu.

Miaka ya nyuma kidogo, Magomeni, nilikuwa katikati ya solo, macho nimefumba, naona raha zangu mwenyewe. Mzee mmoja wa kanzu akanyanyuka mezani, akaja taratibu mpaka nilipo, akanishika kiwiko. Mkono wa kulia, ule wa kupigia. Akaniinamia sikioni: "Mwanangu, pigeni tu, lakini huyu mama ananieleza jambo la mtoto wetu na mimi simsikii." Akarudi kukaa. Tukashusha. Baada ya nusu saa mzee huyohuyo alikuja kunibandika noti kwenye paji la uso.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mpiga gitaa anapandisha sauti kwa sababu hajisikii, na hajisikii kwa sababu ampu yake, yaani kikuza sauti, ipo sakafuni, inampigia magotini, wakati mteja wa meza ya mbele inampiga usoni. Chukua kreti la bia tupu, weka ampu juu yake, iegemeze kwa nyuma kidogo ikutazame masikioni. Utashangaa utakavyoipunguza mwenyewe bila kuambiwa. Hizo ampu za wati mia mbili mnazokodi hazina kazi kwenye chumba hicho. Wati kumi na tano au ishirini zinatosha, tena bluzi inataka ampu inayofanya kazi ngumu, ile sauti ya kukwaruza inakuja yenyewe. Ampu kubwa iliyofunguliwa kidogo tu, namba moja na nusu, inatoa sauti kama redio ya jirani.

Drams ndizo hazina kitufe cha kupunguza. Blanketi ndani ya dramu kubwa, taulo juu ya snea, ile dramu ndogo ya mbele yake, na mpigaji ajifunze kupigia brashi badala ya vijiti. Pangeni sauti kuanzia kwake: yeye apige bila maiki, besi isimzidi, gitaa zikae chini ya besi, halafu mwimbaji ndiye awe juu ya wote. Kipimo changu ni mhudumu. Mkiona mhudumu anainama hadi sikioni kwa mteja kuchukua oda, mmeshazidisha. Meneja anakaa kaunta, hasikilizi solo yako, anaangalia chupa zinavyotoka. Oda zikikosewa, au watu wakihamia meza za nje, kwake nyie ni hasara. Na baa ikiwa katikati ya makazi ana hofu nyingine: NEMC, baraza la mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2015, na jirani mmoja mwenye simu anatosha kumletea wageni asiowataka.

La pili ni chemko. Ninyi mmekulia kwenye YouTube, huenda hamkukaa sana kwenye kumbi za dansi. Mtu aliyelelewa na bendi za dansi kama Msondo, Sikinde au Maquis anajua wimbo una sehemu mbili. Kwanza mashairi, taratibu, anasikiliza ujumbe na kutikisa kichwa. Halafu magitaa yanabadilika, linaingia chemko, anainuka. Bluzi yenu inaanza na mwendo mmoja na kuishia na mwendo uleule, dakika saba, na yule mtu anasubiri chemko ambalo haliji. Anakaa chini akijiona amedhulumiwa. Mimi baada ya ubeti wa mwisho napandisha mwendo, besi inaanza kutembea, gitaa la pili linashika mdundo wa kukatakata, tunakaa hapo mpaka watu wachoke. Ni zile kodi tatu tu za bluzi, namaanisha kodi za gitaa, sauti zinazopigwa kwa pamoja, na wapiga dansi wamezila maisha yao yote. Wataalamu wa roki wataniambia nimeharibu bluzi, lakini wao hawapo Sinza Jumamosi usiku.

Na imbeni Kiswahili. Ule mtindo wa bluzi, mstari mmoja ukaurudia, halafu wa tatu ukajibu, kwa lugha yetu umekaa vizuri mno. Mara ya kwanza mteja anasikia, mara ya pili anaimba na wewe, wa tatu anacheka. Mstari wa kodi ya nyumba, wa fundi aliyekimbia na pesa ya milango, wa mume anayepokea simu nje. Kiingereza cha Mississippi kilichotafunwa na kijana wa Tabata kinachosha watu kabla ya saa nne.

Kuhusu ratiba sina mengi. Msianze kabla mechi ya Uingereza haijaisha, hata kama mkataba unasema saa tatu kamili. Siku Simba na Yanga wanacheza, kaeni nyumbani.

Umeme ndio nataka unisikilize vizuri, maana hapa watu wanaumia. Baa nyingi ndogo soketi zake hazina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, au upo umekatika. Halafu vijana wanachomeka plagi ya miguu miwili kwa kutoboa tundu la juu na njiti ya kiberiti. Ampu ya gitaa ipo soketi ya ukutani, mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na spika zinapata umeme kutoka kaunta. Mwimbaji ameshika nyuzi kwa mkono wa kushoto, anasogeza mdomo kwenye maiki, anapigwa shoti ya midomo. Nimeona jino likivunjika, na hiyo ilikuwa bahati njema. Volti 230 hazina utani. Vyombo vyote vichukue umeme sehemu moja, kwa ekstensheni moja nzito yenye ethi. Njooni na testa. Na kabla ya kuimba, pimeni maiki na nyuzi kwa hiyo testa, msijaribu kwa mkono. Maiki ivisheni sponji. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, zimeni vyombo kwanza, subirini itulie, ndipo muwashe kimoja kimoja.

Kazi hii ilikuwa na hatari tangu zamani. Mwaka 1949 B.B. King, mpiga gitaa mwingine wa bluzi, alikuwa anapiga kwenye ukumbi mdogo wa dansi kijiji cha Twist, Arkansas, majira ya baridi. Ukumbi wenyewe ulikuwa unapashwa joto kwa pipa lililowekwa mafuta ya taa yakawashwa katikati ya sakafu. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, ukumbi ukaungua. Akatoka nje salama, akakumbuka gitaa, akarudi ndani ya moto kulichukua. Kesho yake akasikia waliopigana walikuwa wanamgombea mwanamke aitwaye Lucille, ndipo gitaa likaitwa hilo jina, na yote yaliyofuata aliyaita hivyohivyo. Mtu huyo mwaka 1956 peke yake alipiga maonyesho 342, na mwaka 1974 alisimama Kinshasa kwenye tamasha moja na akina Franco na Tabu Ley. Lakini shule yake ilikuwa hivyo vikumbi vya mapipa ya mafuta.

Pesa. Kiingilio kwenye baa ndogo sahau. Mtu amekuja kunywa bia mbili, ukimwekea mtu mlangoni anavuka barabara. Asilimia ya mauzo ni nzuri midomoni, ila daftari analo mwenyewe, utajuaje? Dai bei moja ya usiku, nusu mkononi kabla ya kushusha vyombo, iliyobaki wakati wa mapumziko ya kati, si baada ya kumaliza. Kuna baa, jina nalimeza, meneja alituambia tusubiri afunge hesabu. Tukasubiri. Saa tisa usiku aliyebaki ni mlinzi, ndiye aliyetufungulia geti, naye alikuwa anamdai mshahara wa miezi.

Katika bei yenu hesabuni kirikuu ya kwenda na kurudi kwanza, maana saa nane usiku dereva anapanga anavyotaka. Hesabuni nyuzi. Ninyi mna bahati, duka lipo. Sisi miaka ya themanini mwanzoni nyuzi zilikuwa hazishikiki, kuna wakati tulichambua waya wa breki ya baiskeli tukafunga kwenye gitaa, vidole vikawa vinatoka damu. Hesabuni deiwaka pia, kwa sababu siku moja besi ataumwa na mtahitaji mtu wa kumshikia, na deiwaka hakopeshi. Chakula cha bendi na maji ya kunywa viandikwe. Bia za bure mkatae kistaarabu, au mzipokee mwishoni. Ampu ikipanda, nusu ya wakati ni bia iliyoipandisha.

Pesa za kutunzwa ndizo zinavunja bendi. Mteja anambandika mwimbaji, au gitaa la solo, hakuna anayembandika mpiga drams huko nyuma. Wekeni kofia moja, zote ziingie humo, zigawanywe mbele ya wote kabla kirikuu haijaondoka. Bendi kubwa zenye mishahara na vyombo vya kampuni zilisambaratika kwa mambo madogo kuliko hilo. Na jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema. Kuna siku mtaulizwa, na meneja anapenda kusikia mmeshamaliza.

Sasa vyombo. Msinunue seti kubwa. Mtaingia mkopo, mtahitaji gari kubwa, mtahitaji fundi mitambo, halafu mtalazimika kuitumia na kelele zitarudi palepale. Anzeni na maiki mbili nzuri, mikisa ndogo, spika mbili za inchi kumi na mbili zenye stendi, na ile ekstensheni niliyoisema. Mwimbaji tu ndiye apite kwenye spika, wengine kila mtu na ampu yake. Seti hiyo inaingia kwenye kirikuu moja pamoja na drams na watu wawili, na mnaweza kuwa mmeshafunga ndani ya dakika arobaini. Baa isiyo na vyombo haitaki kukodi. Ikiona mnakuja kamili na hamjazi nusu ya ukumbi, inawasikiliza.

Link na klipu za simu msihangaike nazo, meneja hafungui. Rudini Sinza mchana, saa tisa hivi, wakati baa imepoa na gari la bia halijaja. Muulizeni kwa adabu usiku ule nini kilimkera. Atawaambia, maana hakuna anayewahi kumuuliza. Halafu mwombeni Jumatano mbili zinazofuatana kwa bei ndogo, saa mbili na nusu mpaka saa tano. Jumatano viti vyake vimelala, hana cha kupoteza. Jumatano moja usimkubalie: ya kwanza wateja wanawatazama tu, ya pili ndiyo wanakuja na rafiki.