"Mitrali" kwenye ripoti ya mama

Dada, pole kwa wasiwasi. Umeuliza "mitrali" iliyoandikwa kwenye ripoti ya moyo ya mama ni ugonjwa gani. Si ugonjwa, ni jina la mlango mmoja wa moyo tu, yaani vali. Siku askofu mkuu akiongoza misa pale Holy Family mjini, itazame kofia yake anapogeuka ubavu: vipande viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, na mwanya juu katikati. Kofia hiyo kwa Kilatini ni mitra. Andreas Vesalius, aliyepasua maiti karne ya 16 kujifunza mwili, aliiona vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, yenye ndimi mbili, akaifananisha nayo. Vali zile nyingine kwa kawaida zina ndimi tatu tatu.

Sasa soma neno linalofuata hapo. Imebana au inavuja? Kwa kiasi gani? Hayo ndiyo ya kumuuliza daktari. Mwambie pia kama mama utotoni aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya koo. Vali hii ndiyo huumia zaidi. Mimi ripoti ya shangazi niliisomea kwenye matatu, nikadhani ni saratani!